Vidonge 12 vya vitamini C na arosto ya saa 10 usiku: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki hakimhusu mtu mmoja. Kimeshonwa kutokana na mambo yanayojirudia kwenye kliniki za methadoni (dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini kwa mraibu) za Dar es Salaam, na majibu ya vipimo yaliyomo ni ya kufundishia. Dawa, dozi zake na tafiti zinazotajwa ni za kweli.

Mwanamume wa miaka 34, kilo 52, mvutaji wa sigara. Alianza na kokteli (heroini iliyochanganywa na bangi), akahamia kwenye sindano, na kwa miaka tisa siku yake iliendeshwa na kete, vile vipakiti vya heroini. Sasa ana mwaka na miezi mitatu kwenye methadoni. Dozi imetulia kwenye miligramu 80 kwa miezi saba: anafika dirishani saa 2 asubuhi, anakunywa mbele ya muuguzi, anaambiwa aseme neno moja mawili ili ionekane amemeza, anaenda zake kibaruani. Muda wote huo mkojo wake ulikuwa safi.

Asubuhi moja akaja na ombi. Apunguziwe miligramu 10 kila wiki mpaka iishe kabisa. Alitoa sababu mbili. Kwanza, methadoni ya siku hizi "imezimuliwa maji", maana saa 10 usiku anaamka na arosto, yale mateso ya mwili uliokosa dawa: jasho, miayo, mifupa inauma, kamasi. Pili, amepata dawa ya kuichukua nafasi yake. Ujumbe uliokuwa ukizunguka kwenye simu za maskani ulisema vitamini C ikinywewa miligramu 300 kwa kila kilo ya mwili, pamoja na vitamini E, inamaliza arosto na kusafisha damu. Kwa kilo 52 hesabu hiyo inatoa miligramu 15,600, yaani vidonge 31 vya miligramu 500 kwa siku. Alifika 12 tumbo likagoma. Alikuwa anaendesha mara tano hadi sita kwa siku. Na juzi usiku alivuta kete moja, "ya kulalia tu".

Mtu anasema dawa haimtoshi, papo hapo anaomba apunguziwe. Ombi la namna hii halijibiwi kwa ndiyo wala hapana kabla ya kujua kitu kimoja: baada ya miezi saba ya utulivu, nini kimebadilika?

Kikombe cha mkojo

Aliulizwa kama ameanza dawa nyingine yoyote. Akajibu hapana. Jibu hilo halikuwa uongo kwa namna anavyohesabu mambo: dawa alizopewa jengo la pili, kwa kadi nyingine na muuguzi mwingine, kwake ni habari ya kifua, wala hazihusiani na unga. Kilichomtoa ni kikombe cha mkojo. Kilikuwa na rangi ya soda ya machungwa. Alipoonyeshwa, akatoa mfukoni kadi ya TB: vidonge vitatu vya mseto wa dawa nne kila asubuhi, leo siku ya 12. Kila kidonge cha mseto huo kina miligramu 150 za rifampisini, moja ya dawa hizo nne, hivyo kwa siku anapata 450, dozi sahihi kabisa kwa uzito wake.

Hapo mpangilio wa siku ukajieleza. Siku ya 1, dawa za TB. Siku ya 6, anaanza kuamka kabla ya alfajiri. Siku ya 9, vitamini. Siku ya 10, tumbo na kete. Vitamini C ilikuja baada ya arosto, kwa hiyo haiwezi kuwa ndiyo iliyoianzisha. Wala haikuiondoa, ingawa yeye aliamini imemsaidia kidogo.

Rifampisini huliamsha ini litengeneze vimeng'enya vingi kuliko kawaida, vikiwemo CYP3A4 na CYP2B6 vinavyovunjavunja methadoni. Kazi hiyo haitokei siku moja: huanza ndani ya siku chache na kufika kileleni kwa wiki moja hadi mbili, ndiyo maana mgonjwa hulalamika wiki ya kwanza inapoisha, wakati kila mtu ameshasahau lini dawa mpya ilianza. Jambo hili si geni. Mwaka 1976 Mary Jeanne Kreek na wenzake wa New York waliripoti wagonjwa 30 wa methadoni waliopewa rifampisini. 21 kati yao walipata arosto. Miaka karibu hamsini baadaye bado linatukuta dirishani kwa sababu kliniki ya TB na ya methadoni zinaandika kwenye madaftari mawili.

Lawama ya dawa kuzimuliwa ilichunguzwa pia, kwa haki ya mgonjwa. Waliokunywa kutoka chupa ileile wiki hiyo hawakuwa na malalamiko. Ilitosha.

Kutenganisha arosto na tumbo

Kuendesha na tumbo kukata ni dalili za arosto. Ni dalili za vitamini C nyingi vilevile, kwa kuwa ile isiyofyonzwa hubaki kwenye utumbo na kuvuta maji. Ukimtazama mgonjwa mara moja tu utachanganya. Alipimwa mara mbili kwa fomu ya COWS, ya kupima ukali wa arosto, yenye vipengele 11: muda mfupi kabla ya dozi, na saa nne baada yake, methadoni ikiwa imefika juu kwenye damu.

Kabla ya dozi alipata alama 14, arosto ya kati. Mboni zilikuwa pana, vinyweleo vimesimama mikononi, miayo mitatu wakati anahojiwa. Saa nne baadaye alama zilishuka hadi 4. Mboni zimerudi, ngozi imekauka. Lakini tumbo lilibaki palepale, alikuwa ameshakwenda chooni mara mbili. Kinachoondoka baada ya dozi ni arosto. Kisichoondoka kina sababu yake. Na kuna dokezo ambalo halihitaji fomu: methadoni hufunga choo. Mtu wa miligramu 80 anayeendesha mara sita, anza kutafuta kilichoingia tumboni.

Kuna mtego mwingine hapa, na ni mtego wa wenye kusoma. Methadoni ni besi dhaifu, na mkojo wenye asidi huitoa mwilini haraka zaidi. Utafiti wa mwaka 1982 ulionyesha nusu-uhai wake (muda wa nusu ya dawa kutoka mwilini) ukiwa wastani wa saa 19.5 mkojo ulipotiwa asidi kwa kloridi ya amonia, na saa 42.1 ulipofanywa alkali kwa bikaboneti. Kwa kuwa vitamini C ni asidi, wengine hurukia kuihukumu. Kijiti cha kupima mkojo kilisoma pH 5, yaani asidi, ikaonekana kesi imekwisha.

Haikwisha. Kibandiko cha pH kwenye vijiti vingi huwa cha rangi ya machungwa kwenye 5 na huelekea kijani kisha buluu kadiri asidi inavyopungua. Ukikichovya kwenye mkojo uliopakwa rangi na rifampisini, unasoma rangi ya dawa. Tena mkojo wa asubuhi wa mtu yeyote unaweza kuwa 5 au 6. Ongeza kwamba uwezo wa vitamini C kubadili pH ya mkojo haueleweki sawasawa toka mtu hadi mtu, na vile vidonge vya kuchemka kwenye maji vina bikaboneti inayovuta upande wa pili. Hukumu ya busara: huenda gramu 6 zilichangia kidogo, lakini mhusika mkuu ni rifampisini. Kijiti hicho kina udhaifu mmoja zaidi wa kukumbuka. Vitamini C nyingi kwenye mkojo huficha damu na sukari, kibandiko kikabaki safi wakati vimo. Anayeshuku mawe ya figo kwa mnywaji wa vitamini asitegemee kijiti. Aangalie kwa hadubini.

Ule ujumbe wa simu ulitoka wapi

Haukutungwa hewani, na hapo ndipo ugumu wa kuujibu ulipo. Mwaka 2000 Evangelou na wenzake nchini Ugiriki walichapisha kwenye jarida la In Vivo utafiti wa vitamini C kwa watumiaji wa heroini wanaoacha, na dozi ilikuwa hiyohiyo, miligramu 300 kwa kilo, pamoja na vitamini E. Waliopewa walipata arosto nyepesi kuliko waliolinganishwa nao. Kabla yao, mwaka 1977 nchini Marekani, Alfred Libby na Irwin Stone walikuwa wametoa gramu 25 hadi 85 za askobeti ya sodiamu, chumvi ya vitamini C, kwa siku na kudai mafanikio makubwa, bila kundi la kulinganisha. Nadharia yao ilikuwa kwamba mraibu ana kiseyeye kilichojificha pamoja na kwashiakoo ya mtu mzima, na wakaiita kwa majina hayo.

Upande wa maabara una nguvu zaidi. Heroini na mofini huongeza uzalishaji wa chembe haribifu za oksijeni, na kwa watumiaji wa muda mrefu viwango vya vitamini C na E, ambazo ni antioksidanti, yaani hupambana na chembe hizo, hukutwa chini kwenye damu, kwa sababu ya chembe hizo, lishe duni na sigara kwa pamoja. Mwaka 2007 jaribio la panya lilionyesha kwamba peroksinaitraiti, moja ya chembe hizo, inashiriki kuufanya uti wa mgongo uzoee mofini. Ikiondolewa, mofini iliendelea kutuliza maumivu kwa dozi ileile. N-asetilisisteini, dawa inayojulikana kwa kulegeza makohozi na kuokoa ini lililosumishwa na parasetamoli, hurudisha mizani ya glutameti, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli, kwenye sehemu ya ubongo inayohusika na hamu; mwaka 2008 panya waliozoeshwa heroini waliipata na wakapunguza kuitafuta.

Kutoka hapo kwenda kwa mgonjwa wa kilo 52 ni safari ndefu. Utafiti wa Ugiriki ulikuwa wa makumi ya watu, na anayemeza gramu 15 za kitu anajua fika anachomeza, hivyo matumaini yenyewe huingia kwenye matokeo. Zaidi ya hayo ulipima arosto. Arosto ya heroini huisha ndani ya siku saba hadi kumi kwa dawa au bila dawa, na kila teja aliyekaa mahabusu analijua hilo. Utegemezi ndio unaomrudisha maskani mwezi wa tatu. Ile N-asetilisisteini iliyong'ara kwa panya ilipopelekwa kwa binadamu, kwa watumiaji wa bangi, ilileta matokeo mawili: vijana 116 mwaka 2012 walifaidika, watu wazima 302 mwaka 2017 hawakufaidika. Na kuna utafiti wa Beirut wa mwaka 2012 unaopenda kutajwa, ambapo gramu 2 za vitamini C kabla ya upasuaji wa kibofu cha nyongo zilipunguza mofini iliyohitajika baadaye. Hayo ni maumivu ya upasuaji, siku moja. Hayasemi lolote juu ya uraibu.

Methadoni inalindwa na ushahidi wa uzito mwingine: vifo hupungua mtu akiwa ndani ya tiba, na hupanda akitoka, hasa wiki nne za kwanza. Mwili umepoteza uzoefu, kete ileile aliyoizoea zamani inamuua. Kumshusha mtu huyu miligramu 10 kila wiki, huku rifampisini inamla dozi kwa chini, ingekuwa ni kumsukuma kwenye wiki hizo nne.

Kilichofanyika

Vitamini ilikatwa siku hiyohiyo kutoka gramu 6 hadi kidonge cha miligramu 100 mara tatu kwa siku. Alikuwa ameinywa siku nne tu, hakukuwa na haja ya kushusha polepole. Haikukatwa yote kwa sababu fizi zake zilikuwa zimevimba na kutoa damu, vidonda vinachelewa kupona, na chakula chake kilikuwa chai, mkate na chipsi. Huyo alikuwa na upungufu wa kweli. Libby na Stone waliona kitu halisi, wakazidisha dawa mara mia.

Kwa nini gramu zilikatwa kabla ya kuongeza methadoni? Kuendesha hushusha potasiamu. Methadoni kwa dozi kubwa hurefusha QT, muda ambao moyo hutumia kusinyaa na kujiandaa kwa pigo lijalo, na potasiamu ikiwa chini hatari ya mapigo kuvurugika huongezeka. Potasiamu yake ilikuwa 3.2, chini ya kawaida. Alipewa chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, na baada ya siku tatu bila kuendesha ilipanda hadi 3.9. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ilitoa QTc (QT iliyorekebishwa kwa kasi ya mapigo) ya milisekunde 428. Juu ya 500 mtu hapandishiwi dozi.

Vipimo vya ini na homa ya ini C vilichukuliwa pia, kwa kuwa amewahi kujidunga na sasa anakunywa dawa za TB. Dawa za TB hazikuguswa. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyependekeza aziache, na hili hutokea mara nyingi kuliko inavyoandikwa: akigundua kinachomnyima usingizi ni dawa ya kifua, anachagua kukohoa. Aliahidiwa dozi itafuatilia arosto yake mpaka iikamate.

Siku ya 15, potasiamu ikiwa imepanda, alipewa miligramu 90, baada ya kuthibitisha hasinzii na hajavuta asubuhi hiyo. Kisha 10 zaidi kila baada ya siku tano: 100, 110, 120. Haraka kuliko hapo ni hatari, methadoni hujikusanya na dozi ya leo huonyesha uzito wake wote baada ya siku kadhaa. Swali la kuuliza ni saa 10 usiku ya jana ilikuwaje, wala si anajisikiaje dirishani. Kwenye 110 ECG ilirudiwa, QTc 446. Alitulia kwenye 130 wiki ya tano. Angekuwa anaruhusiwa kubeba dozi nyumbani, kuigawa mara mbili kwa siku kungeweza kufanya kazi kwa kiwango kidogo zaidi, ila anayenywa dirishani mara moja hana njia hiyo. Ndugu mmoja wa rifampisini, rifabutini, haimsumbui methadoni kiasi hicho. Pale inapopatikana inafaa kuulizwa.

Kete ile moja haikuadhibiwa. Alielezwa tu kwamba heroini juu ya methadoni inayopandishwa ndiyo mchanganyiko unaofunga pumzi, na ndugu anayeishi naye akaonyeshwa dalili: midomo ya bluu, mkoromo wa ajabu, haamki akitikiswa. Hapo ni kumlaza ubavu na kumkimbiza kwenye naloksoni, dawa inayozima heroini mwilini.

Antioksidanti za sokoni

Mwili wa mwanamume unahitaji kama miligramu 90 za vitamini C kwa siku, mvutaji sigara 35 zaidi. Ukifika 200 hadi 400 damu inakuwa imeshajaa. Juu ya gramu moja zaidi ya nusu haifyonzwi. Kiwango cha juu kisichopendekezwa kuvukwa ni 2,000. Kupita hapo ni kuendesha na mawe ya figo: wanaume wa Uswidi waliokuwa wakinywa vidonge vya vitamini C walipata mawe karibu mara mbili ya wasiokunywa, utafiti wa 2013. Na ukanda huu wa malaria wengi wana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, bila kujua; kwao gramu nyingi zinaweza kupasua chembe nyekundu za damu.

Pera moja la gramu 100 lina zaidi ya miligramu 200. Chungwa moja la kawaida karibu 70, papai la gramu 100 karibu 60. Ubuyu una vitamini C nyingi, ila ni ule unga mweupe mkavu wa tunda, si zile mbegu nyekundu zilizopikwa na sukari za Zanzibar. Na unga huo ukorogwe kwenye maji ya kawaida au uji uliokwisha kupoa, maana moto huiua. Mchicha upikwe dakika chache kwa maji kidogo, na maji hayo yasimwagwe. Kwa vitamini E, kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya alizeti hutoa zaidi ya theluthi ya mahitaji ya siku, na kiganja cha karanga huongeza. Vile vidonge laini vya vitamini E vinavyouzwa na wengi hupaka usoni hakuwa na haja navyo.

Saa nazo zilipangwa. Rifampisini inatakiwa tumbo tupu, saa moja kabla ya chakula: dawa za TB saa 12 na nusu asubuhi, methadoni saa 2, baada ya hapo uji na pera.

Tarehe iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu

Tiba ya TB ni miezi sita, na rifampisini imo hadi siku ya mwisho. Ikisimama, ini hupoa ndani ya wiki mbili hivi, vimeng'enya vinapungua, na miligramu 130 zilizokuwa zikimtosha zinageuka kuwa dozi kubwa mno kwa mwili uleule. Arosto humleta mgonjwa mwenyewe dirishani, analalamika. Dozi kupita kiasi haimleti: anasinzia kwenye daladala, anasema amechoka, asubuhi moja haamki. Kwa hiyo tarehe ya kidonge cha mwisho cha TB iliandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la methadoni siku ileile dozi ilipopandishwa mara ya kwanza. Kuanzia wiki hiyo anatazamwa kila siku kabla ya kunywa, mboni na usingizi, na dozi inashushwa miligramu 10 kila siku tatu hadi nne kuelekea 80, kasi ikiongezwa akionekana kusinzia, ikisimamishwa saa 10 usiku ikianza tena kumwamsha.